Rimu na matairi ya gari la zamani: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nina Corolla 110 ya mwaka 1998 ambayo nimekaa nayo miaka mingi, na kwa sababu ya shida nilizozipitia kwenye matairi yake, majirani na ndugu wamezoea kunipigia simu kabla hawajaenda kununua kwenye maduka ya vipuri ya Dar, Gerezani au Ilala. Maswali ni yale yale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayowapa. Mifano mingi ni ya Toyota kwa kuwa ndizo zimejaa barabarani kwetu, lakini hesabu ni ile ile kwa gari lolote.

Nitajuaje saizi sahihi ya gari langu?

Anzia mlangoni kwa dereva, usianzie dukani. Fungua mlango, tazama kwenye nguzo ambako mlango unajifungia, utaona kibandiko. Kwa gari lililotoka Japani maandishi ni ya Kijapani, ila namba zinasomeka bila shida: langu lina 175/65R14 82S, na pembeni yake kiasi cha upepo. Upepo umeandikwa kwa kPa. 220 kPa ni sawa na 32 kwenye geji ya psi ya pale kituo cha mafuta.

Kama kibandiko kimebanduka, au gari lilishapigwa rangi wakakifunika, inua zulia la buti utazame tairi la akiba. Mara nyingi ndilo pekee ambalo halijaguswa tangu gari lishuke melini. Angalizo moja: kama tairi la akiba ni jembamba na saizi yake inaanza na herufi T, hilo ni la dharura tu. Halikuonyeshi saizi ya gari, na si la kutembelea safari nzima.

Kitu ambacho sikishauri ni kunakili saizi ya matairi yaliyopo sasa. Gari la miaka 25 limepita mikononi mwa watu wanne, watano. Unaweza kuwa unanakili kosa la mmiliki wa pili.

Hizo namba ubavuni mwa tairi zinasema nini?

Chukua 175/65R14 82S. 175 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya upana huo. R ni radial, yaani namna nyuzi za ndani zilivyolazwa. 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 82 ni namba ya mzigo, na S ni kikomo cha mwendo.

Watu wengi wanakwama kwenye hiyo 65. Wanadhani 65 ni 65 siku zote, kwa hiyo 175/65 na 205/65 zina ubavu sawa. Hapana. Asilimia 65 ya 175 ni milimita 113.75, na asilimia 65 ya 205 ni milimita 133.25. Ukiongeza upana bila kushusha hiyo namba ya pili, tairi linarefuka.

Kikomo cha mwendo: S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190, H ni 210. Kwa Corolla ya kawaida lolote kati ya hayo linatosha. Namba ya mzigo ndiyo inayostahili macho yako, na nitairudia chini.

Nikibadilisha saizi, nitajuaje kama tairi jipya halizidi?

Piga hesabu ya kimo kizima cha tairi. Zidisha upana kwa asilimia ya ubavu, zidisha mara mbili (kuna ubavu juu na ubavu chini), kisha jumlisha kipenyo cha rimu. Inchi moja ni milimita 25.4.

Kwa 175/65R14: ubavu 113.75, mara mbili ni 227.5, rimu 14 mara 25.4 ni 355.6. Jumla milimita 583. Hiyo ndiyo namba ya kubeba kichwani unapoenda dukani. Tairi lolote unaloonyeshwa, lipigie hesabu hiyo hiyo kwenye simu yako ukiwa umesimama pale pale.

Mipaka inayotumiwa na mafundi wengi ni asilimia 3 juu au chini. Mimi kwa gari langu sipendi kuvuka 2. Hebu tuone: 185/60R14 inatoa milimita 578, iko sawa. 185/55R15 inatoa 584 na nusu, karibu sawa kabisa na ya asili, hiyo ndiyo njia nzuri ya kupanda kutoka rimu 14 kwenda 15. 195/50R15 inatoa 576, inakubalika. 185/65R14 inatoa 596, imezidi kwa asilimia 2.2, magari mengi ya aina hii yanatembea nayo bila shida, ila hakiki nafasi kwanza. Lakini 195/60R15 inatoa 615, zaidi ya asilimia 5. Hiyo itagusa mahali, na muuzaji atakwambia "inaingia tu bosi". Kuingia itaingia. Shida itaanza siku umepakia watu watano na unakata kona ukiwa umepita kwenye tuta.

Kwa Mark II ya GX100 yenye 195/65R15, kimo ni milimita 634 na nusu. Ukitaka rimu 16, 205/55R16 inatoa 632. Ukitaka 17, 215/45R17 inatoa 625, bado iko ndani ya mpaka, ingawa ubavu unabaki milimita 97 tu, na kwa mashimo tunayoyajua sisi hilo ni jambo la kulifikiria mara mbili.

Spidi ya dashibodi itadanganya?

Ndiyo, kwa kiasi kile kile ulichozidisha. Dashibodi haijui umefunga tairi gani, inahesabu mizunguko. Ukiweka 185/65R14 mahali pa 175/65R14, dashibodi ikisema 100 wewe uko kwenye 102. Si kitu cha kutisha. Ukifunga hiyo 195/60R15, dashibodi ikisema 80 uko kwenye 84 na zaidi, na trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo hasomi dashibodi yako.

Hapo hapo kuna jibu la wale wanaolalamika kwamba baada ya kuweka tairi refu gari limeanza "kula mafuta". Kilomita zinahesabiwa pungufu. Umetembea 100, gari limeandika 98. Ukigawanya lita kwa hizo 98 unaona ulaji umepanda, kumbe sehemu ya tofauti ni hesabu. Sehemu nyingine ni ya kweli: tairi pana na zito linadai nguvu zaidi kulizungusha, hasa kwa injini ndogo ya 1.3 au 1.5 kwenye foleni za kusimama na kuondoka.

PCD ni nini, na kwa nini rimu ya rafiki yangu haikuingia wakati na yeye ana Corolla?

PCD ni kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu ya nati. Corolla za 100 na 110 ni 4x100: matundu manne, duara la milimita 100. Corolla DX ya zamani, KE70, ile inayosukuma kwa nyuma, ni 4x114.3. Zote ni Corolla, zote zina nati nne, na rimu hazibadilishani. Kwa hiyo jina la gari halitoshi.

Kwa mpangilio wa matundu matano mambo ni ya hatari zaidi kwa sababu namba zinakaribiana. Mark II na RAV4 ni 5x114.3. Mercedes W124 ni 5x112. Subaru Impreza nyingi za zamani ni 5x100. Rimu ya 5x112 unaweza kuilazimisha kwenye gari la 5x114.3, nati mbili tatu zitashika, fundi atakaza kwa nguvu, utaondoka. Lakini nati zimekaa upande upande na bolti zimepinda kidogo. Bolti iliyopindishwa namna hiyo inachoka polepole mpaka inakatika, na ikikatika moja, zilizobaki zinabeba mzigo wake.

Kupima si kazi. Matundu manne: pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linalotazamana nalo. Matundu matano hayatazamani, kwa hiyo pima kati ya matundu mawili yanayofuatana, katikati hadi katikati, kisha zidisha kwa 1.7. Ukipata milimita 67 kati ya tundu na tundu, hiyo ni 114.3. Ukipata 59, ni 100. Tofauti ya 112 na 114.3 kwa njia hii haifiki hata milimita moja na nusu, kwa hiyo usitumie rula ya shule. Tafuta fundi mwenye kalipa, kile chombo cha kupimia milimita.

Nilifunga sport rim, sasa gari linatetemeka kuanzia 80 au 90. Nimebalansi mara tatu. Tatizo nini?

Swali hili nalijibu kwa uchungu kwa sababu lilinikuta. Nilinunua rimu za inchi 15 nzuri kweli kweli, 4x100, saizi ya tairi nimeipigia hesabu vizuri. Nikaenda Morogoro. Baada ya Chalinze, nikifika 90, stelingi inacheza mikononi kama nimeshika mashine ya kusaga. Nikarudi, nikabalansi. Ikaendelea. Nikabalansi tena kwa fundi mwingine, nikabadilisha tairi mbili za mbele na nyuma, nikafikia hatua ya kununua beringi.

Aliyenitoa ni mzee mmoja fundi breki. Alivua gurudumu, akaliegemeza ukutani kwa mgongo, akaniita. Akaweka kidole chake kidogo kwenye tundu la katikati la rimu, kisha akakigusisha kwenye duara la chuma lililochomoza katikati ya habu, yaani kitovu ambacho gurudumu linafungwa. "Hiki kinatakiwa kikae ndani ya hiki, kibane," akasema. Akalirudisha gurudumu bila nati, akalishika kwa mikono miwili, likacheza juu chini kama kofia kubwa kichwani.

Tundu la katikati la Corolla ni milimita 54.1. Rimu nyingi za sport za madukani zinatengenezwa na tundu kubwa, kama 73.1, ili ziingie magari mengi. Kwangu kulikuwa na nafasi ya karibu milimita 9 na nusu kuzunguka habu. Kwa hiyo gurudumu halikukaa katikati. Lilikaa pale nati zilipolivuta. Mashine ya kubalansi haioni kosa hilo, kwa kuwa inalishika gurudumu kwa koni yake yenyewe.

Dawa ni ringi za katikati, za plastiki ngumu au aluminiamu, nje 73.1 na ndani 54.1. Ni kitu cha bei ndogo. Nilizifunga nne, nikaenda tena Morogoro, stelingi ikatulia. Kama umenunua rimu zisizo za kiwanda, uliza tundu la katikati kabla hujalipa. Baadhi ya namba ninazozijua: Corolla 54.1, Mark II na RAV4 60.1, Honda na Subaru nyingi 56.1, Mercedes 66.6. Rimu yenye tundu dogo kuliko habu yako haitaingia kabisa. Usikubali wakutanulie kwa grinda.

Ofseti ni nini? Nimeambiwa haina maana sana.

Ina maana kubwa. Ofseti ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaogusa habu. Imechorwa nyuma ya rimu kama ET45 au namba tupu 45. Namba ikiwa kubwa, gurudumu linaingia ndani. Ikiwa ndogo, linatoka nje.

Rimu za kiwandani za Corolla 110 ni nyembamba, kama inchi 5 na nusu, na ofseti iko kwenye 45 au karibu na hapo. Sasa kijana anakuja na rimu ya inchi 15 yenye upana wa 7 na ET25 kwa sababu "inajaza fenda". Tupige hesabu. Upana umeongezeka inchi moja na nusu. Nusu yake, milimita 19, inaenda nje. Ofseti imepungua 20, hizo nazo zinaenda nje. Jumla ukingo wa rimu umesogea nje milimita 39, karibu sentimita 4. Tairi linakwaruza fenda gari likibonyea. Stelingi inakuwa nzito na inavutwa na kila mfereji wa barabara. Beringi ya habu inabeba mzigo kwa mkono mrefu kuliko ilivyoundwa, na hiyo ndiyo inayoanza kulia baada ya miezi.

Kwa gari la zamani lenye bushi na beringi zilizochoka, jaribu kubaki ndani ya milimita 5 hivi za ofseti ya kiwandani, hasa kama unaongeza upana.

Spesa, zile bapa za kuongeza upana kati ya habu na rimu, ni ofseti kwa jina lingine. Bapa tupu isiyo na bolti zake inakula urefu wa bolti za gari, nati zinashika nyuzi chache. Sifungi kwenye gari ninalombebea mtoto.

Saizi ya gari langu imeanza kupotea madukani. Nifanyeje?

Hili ni la wenye inchi 13, na linazidi kila mwaka. Kama gari lako liliandikwa 155SR13 au 155R13, usishtuke kwa kukosekana namba ya ubavu. Zamani tairi lisilo na namba hiyo lilikuwa na ubavu wa kama asilimia 80 hadi 82. Kimo chake ni karibu milimita 584. Mbadala wa moja kwa moja kwenye rimu zako zile zile ni 155/80R13, milimita 578. 175/70R13 nayo ni 575, inakubalika, lakini angalia upana wa rimu: tairi hilo linataka rimu ya inchi 4 na nusu hadi 6, na rimu za chuma za magari ya zamani nyingine ni nyembamba kuliko hapo. 165/70R13, ambayo utaonyeshwa sana, inatoa 561 tu. Gari litashuka, injini itazunguka zaidi, spidi itadanganya. Pita.

Habari njema ni kwamba 175/65R14 ina milimita 583, karibu sawa kabisa na ile 155R13 ya zamani. Kwa hiyo ukipata rimu za inchi 14 zenye PCD na tundu la gari lako, umejitoa kwenye shida ya inchi 13 bila kubadilisha chochote cha gari.

Mwenye Peugeot 505 au BMW ya miaka ya 80 aangalie jambo moja la pekee. Kama tairi lako limeandikwa kitu kama 190/65R390, hiyo 390 ni milimita. Ni mfumo wa Michelin ulioitwa TRX. Rimu hiyo si inchi 15 wala 16, na hakuna tairi la inchi linalokaa juu yake kwa usalama. Badilisha rimu.

Je, tairi kubwa litanipandishia gari kwa ajili ya barabara mbovu?

Kidogo kuliko unavyofikiri. Kinachoinua gari ni nusu ya tofauti ya kimo. Kutoka 583 hadi 596 ni tofauti ya milimita 13, gari linapanda milimita 6 na nusu. Huo ni unene wa penseli. Kabla ya kutafuta tairi refu, angalia springi na shokapu: gari la zamani mara nyingi limekaa chini kwa sababu springi zimelala.

Kinachosaidia kweli kwenye mashimo ni ubavu mrefu na upepo sahihi. Ndiyo sababu kwa anayeishi barabara ya vumbi, mimi namshauri abaki na inchi 14 hata kama ana hela ya 16. Ubavu wa milimita 114 unameza shimo. Ubavu wa milimita 90 unalipeleka shimo kwenye rimu.

Rimu za chuma au za aluminiamu?

Kwa barabara mbovu, chuma: ikipinda inagongwa na kunyooka, aluminiamu ikigongwa sana inapasuka. Kwa lami na kwa macho, aluminiamu. Ukinunua aluminiamu tafuta alama ya JWL nyuma ya rimu, ni kiwango cha Japani cha rimu za aloi. Rimu iliyochomelewa ufa, iache hata kama imepigwa rangi vizuri. Hasa kama imepigwa rangi vizuri.

Badilisha na nati pia. Nati za rimu za chuma zina mdomo wa koni. Rimu nyingi za aluminiamu za kiwandani za Toyota za zamani zinatumia nati zenye shingo ndefu na washa bapa. Ukichanganya, nati inakaza lakini haijakalia mahali pake.

Namba ya mzigo ina umuhimu gani kwa gari dogo?

Hapa ndipo ninapowasihi wenye Probox na wenzao. 82 maana yake tairi moja linabeba kilo 475. 84 ni kilo 500, 88 ni 560, 91 ni 615. Probox ya mizigo ilitoka Japani na matairi ya gari la mzigo, kama 155/80R14 yenye namba 88. Sasa mtu anafunga 175/65R14 82 kwa sababu ni pana na ni rahisi kupata. Amepoteza kilo 85 kwa kila gurudumu, kisha anapakia magunia nyuma mpaka bampa inakaribia lami, anakimbia kwenye jua la saa saba. Tairi linapata moto kutoka ndani. Halipasuki nyumbani, linapasuka njiani, kwenye mwendo.

Upana hauongezi uwezo wa mzigo kama namba haisemi hivyo. Usishuke chini ya namba ya kibandiko, na kama unabeba mzigo, ongeza upepo kama kibandiko kinavyoelekeza kwa gari lililojaa.

Matairi ya mtumba kutoka Japani ni mazuri?

Mengine ndiyo. Tazama vitu vitatu. Kwanza umri: tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na DOT. 3218 ni wiki ya 32 ya mwaka 2018. Zikiwa tatu tu, tairi lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, ondoka. Kashata, yaani meno ya tairi yanayoshika barabara, zinaweza kuwa ndefu na mpira umeshakauka. Kunja kidogo ubavu utazame nyufa ndogo ndogo.

Pili, tairi la theluji. Japani kaskazini wanatumia matairi ya barafu, na yanakuja kwetu mengi, mengine yakiwa yamefungwa kwenye magari. Utayajua kwa neno STUDLESS ubavuni, au kwa kashata zilizokatwakatwa mistari myembamba kama chanuo. Mpira wake ni laini kwa ajili ya baridi. Kwa joto la Dar au Mombasa unalika haraka, na gari linayumba kwenye kona. Gari likitoka bandarini na matairi hayo, yabadilishe kabla ya safari ndefu.

Tatu, ndani ya tairi. Mwambie muuzaji akupe ulione ndani kabla halijafungwa. Kiraka cha ubavuni hakikubaliki.

Naweza kuchanganya saizi mbele na nyuma?

Kwenye ekseli moja, kamwe: saizi sawa, aina sawa, na kashata zilizolika kwa kiasi kinachokaribiana. Mbele na nyuma tofauti inawezekana kwa magari machache yaliyoundwa hivyo. Kwa Subaru na Toyota za 4WD za muda wote, matairi yote manne lazima yawe na kimo sawa, hata ulaji wa kashata usitofautiane sana, la sivyo mfumo unaogawa nguvu katikati unafanya kazi muda wote na unaungua. Hapo tairi moja jipya na matatu yaliyokwisha ni hasara, hata kama yote yameandikwa saizi moja.

Fundi anataka kuniwekea tyubu kwenye tubeless.

Kataa, isipokuwa kufika nyumbani. Tyubu inasuguana na ndani ya tairi, inapata joto, na ikitoboka upepo unatoka wote mara moja. Kama rimu inavujisha, isuguliwe kutu kwenye midomo au ibadilishwe.

Nimeshafunga. Nihakikishe nini kabla ya kuondoka gereji?

Gari likiwa juu ya jeki, zungusha kila gurudumu kwa mkono na uangalie nafasi kati ya rimu na kalipa ya breki. Kidole chembamba kipite. Lishushe, kata stelingi mpaka mwisho kulia, kisha kushoto, na uchungulie kwa tochi ya simu ndani ya madigadi. Waombe watu wanne wakae ndani, wawili wazito nyuma, urudie. Halafu zunguka mtaani upite kwenye tuta huku umekata kona, redio imezimwa. Sauti ya kukwaruza utaisikia.

Nati zikazwe kwa msalaba, si kwa kuzunguka, na zikazwe kwa spana ya kipimo: kwa Corolla ni Nm 103. Bunduki ya upepo peke yake haitoshi kujua umekaza kiasi gani. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zirudie, hasa kama rimu ni mpya. Mimi huwa naweka spana ya nati namba 21 chini ya siti wiki hiyo ya kwanza, na nikifika nyumbani jioni, kabla sijafunga geti, nazipitia zote kumi na sita.